Namna ya kuomba na kutumia msaada wa wakala wa maendeleo ya kanda kwa ajili ya biashara yako

Wakala wa maendeleo ya kanda ni chombo cha umma, au cha nusu umma, kinachokabidhiwa eneo lenye mipaka inayojulikana na kupewa jukumu la kukuza uchumi wa eneo hilo: biashara zilizopo zipanuke, mpya zianzishwe, wawekezaji wavutwe na ajira zipatikane. Mwenye biashara anayekwenda huko kwa mara ya kwanza aghalabu huwa na picha moja tu kichwani, yaani dirisha la kuombea fedha, na ndiyo maana wengi hurudi mikono mitupu. Wakala haulipii mahitaji ya biashara. Unalipia mabadiliko ndani ya eneo lake ambayo yasingetokea bila mkono wake. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupanga ombi, fedha na kumbukumbu zako kwa kuzingatia jambo hilo, tangu siku unayoanza kuulizia hadi siku mkaguzi atakapofunga jalada lako.

Fahamu aina ya wakala ulio mbele yako

Kila wakala una historia yake, na historia hiyo huamua kwa kiasi kikubwa kile unachoweza kuomba. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, iliyoundwa nchini Marekani mwaka 1933, ilianza na mabwawa, umeme na udhibiti wa mafuriko. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1974, nayo ilijengwa juu ya bonde la mito. Vyombo vya namna hii hushughulika zaidi na rasilimali na miundombinu, na mwenye biashara ndogo hunufaika navyo kupitia maji, umeme na zabuni kuliko kupitia ruzuku ya moja kwa moja. SUDENE, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya kaskazini mashariki ya Brazil chini ya mchumi Celso Furtado, ilipata kujulikana kwa unafuu wa kodi uliovuta viwanda katika eneo hilo.

Mfano wa Shannon, nchini Ayalandi, unaonyesha aina nyingine kabisa. Ndege zilizovuka Bahari ya Atlantiki zilikuwa zikitua hapo kujaza mafuta, na uchumi wa jirani uliutegemea uwanja huo wa ndege. Ndege za jeti zenye uwezo wa kuruka masafa marefu zilipokaribia, ilionekana wazi kwamba kituo hicho kingeweza kurukwa. Kampuni ya maendeleo iliyoundwa mwaka 1959 chini ya Brendan O'Regan ilijibu kwa kutenga eneo huru la viwanda kando ya uwanja, lenye unafuu wa ushuru na kodi na majengo yaliyo tayari kutumika. Wakala wa mtindo huu huuza mahali: ardhi, majengo, vibali vya haraka. Ukiuendea kwa ombi la mtaji wa kuendeshea biashara utakuwa umekosea mlango, lakini ukiuendea kutafuta jengo la kupanga kwa masharti nafuu huenda ukasikilizwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, soma sheria au hati iliyouanzisha wakala, mpango mkakati wake wa sasa na taarifa yake ya mwaka uliopita. Katika mpango mkakati tafuta sekta za kipaumbele. Katika taarifa ya mwaka tafuta nani hasa walipewa fedha, kwa kuwa orodha hiyo husema kweli kuliko maneno ya utangulizi ya mwenyekiti. Angalia pia kama mwombaji anatakiwa kuwa kampuni, ushirika, halmashauri au taasisi isiyo ya faida. Tume ya Kanda ya Appalachia ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1965, kwa kawaida huelekeza ruzuku zake kwa majimbo, serikali za mitaa na taasisi zisizo za faida. Mfanyabiashara huzifikia kupitia mifuko ya mikopo, vituo vya mafunzo na miundombinu ambayo taasisi hizo hujenga.

Mahali ulipo pia pana uzito wake. Tume hiyohiyo hupanga kaunti zake katika madaraja matano kila mwaka kulingana na hali ya uchumi, na mchango wake unaweza kufikia asilimia 80 ya gharama za mradi katika kaunti zilizo duni kabisa, ilhali katika kaunti za daraja la kati kikomo cha kawaida ni asilimia 50. Wakala nyingi zina utaratibu unaofanana na huo. Ikiwa unafikiria kufungua tawi na bado hujachagua eneo, uliza madaraja kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Jambo la mwisho kuhusu wakala wenyewe ni umri wake. Wakala hizi huundwa na kuvunjwa kwa uamuzi wa kisiasa. Wakala wa Maendeleo wa Wales uliishi kuanzia 1976 hadi 2006, ukamezwa na serikali ya Wales. England ilianzisha wakala nane mwaka 1999, ikaongeza wa London mwaka 2000, kisha ikazifunga zote mwaka 2012 baada ya serikali mpya kutangaza nia hiyo mwaka 2010. Ukiingia mkataba wa miaka mitatu, uliza ni chombo gani kitarithi wajibu wa kulipa iwapo wakala utafutwa katikati, na utake jibu hilo liwe ndani ya mkataba. Afisa anaweza kukutazama kwa mshangao. Uliza hata hivyo.

Amua unachohitaji

Ruzuku ndiyo inayosikika zaidi, lakini ni sehemu moja tu ya kazi. Wakala hutoa ushauri wa kitaalamu, mara nyingi bure kwa saa au siku kadhaa za mwanzo. Hutoa mikopo au dhamana ili benki ikubali kukopesha. Wakati mwingine hununua hisa. Huendesha vituo atamizi, yaani vya kulea biashara changa, na majengo ya viwanda. Hulipia mafunzo ya wafanyakazi. Huwapeleka wazalishaji kwenye maonyesho ya biashara. Na huwakutanisha wenye biashara za aina moja katika kongano, ili wagawane maabara, maghala au wateja wakubwa. Kwa maoni yangu, biashara iliyo chini ya miaka miwili hufaidika zaidi na jengo la bei nafuu na mshauri mzuri kuliko na ruzuku, kwa sababu ruzuku huja na makaratasi yanayoweza kula muda wote wa mmiliki katika kipindi ambacho wateja ndio wangepaswa kuula.

Ukishaamua, omba mazungumzo ya awali na afisa anayehusika na sekta yako. Nenda na ukurasa mmoja tu: unafanya nini, una wafanyakazi wangapi, mauzo ya miaka miwili au mitatu iliyopita, unataka kubadilisha nini, na ni nini kinachokuzuia. Msikilize zaidi kuliko unavyoongea. Kumbuka kwamba afisa anayekusaidia kuandaa ombi si lazima awe ndiye anayeamua. Uamuzi kwa kawaida hufanywa na kamati inayotoa alama kwa vigezo vilivyotangazwa, na wajumbe wake hawatakuwa wameonja ukarimu wako wala kuona karakana yako. Watasoma karatasi.

Jibu swali la nyongeza kabla hujaulizwa

Hapa ndipo maombi mengi huanguka. Kamati inataka kujua ni kitu gani kitaongezeka katika eneo kwa sababu ya fedha zake, ambacho kisingekuwepo bila hizo. Ikiwa ungenunua mashine ile hata bila ruzuku, basi ruzuku imekuongezea faida wewe na haikuongezea eneo chochote. Ikiwa utaongeza wafanyakazi watano kwa kumnyang'anya wateja mshindani wako wa mtaa wa pili, naye akawapunguza watano, ajira zimehama tu. Wachumi hupunguza hesabu zao kwa mambo hayo mawili kabla ya kutamka kwamba mradi umefaulu, na mtathmini wa ombi lako atafanya vivyo hivyo kwa kalamu yake.

Tuchukue mfano wa karakana ya samani inayotaka mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta. Mwombaji wa kawaida ataandika hivi: «Tunaomba ruzuku ili tununue mashine ya kisasa, tuongeze uzalishaji na kuinua kipato chetu.» Hakuna uongo katika sentensi hiyo, lakini hakuna hata neno moja linaloipa kamati sababu ya kutoa fedha. Linganisha na maelezo haya: «Karakana inakata mbao kwa mkono, na kwa sababu hiyo mwaka uliopita ilikataa oda za shule mbili na hoteli moja zilizohitaji viti vyenye vipimo vinavyolingana. Benki imekubali kutukopesha asilimia 60 ya bei ya mashine, na haitazidisha, kwa kuwa jengo letu ni la kupanga na haliwezi kuwekwa rehani. Tukikosa ruzuku tutanunua mashine iliyotumika, isiyoweza kukata mbao nene, na oda za aina hiyo zitaendelea kwenda kwa watengenezaji walio nje ya kanda.»

Maelezo ya pili yanataja kizuizi halisi, yanaonyesha kwamba benki imeshaombwa na imefika kikomo chake, yanaeleza kwa uaminifu kitakachotokea bila msaada, na yanajibu swali la ushindani kwa kuonyesha kwamba kazi itakayopatikana ilikuwa ikitoka nje ya kanda. Barua ya benki na nakala za oda zilizokataliwa huambatishwa kama ushahidi. Usidai kwamba bila ruzuku biashara itakufa ikiwa si kweli. Kamati itajiuliza kwa nini itie fedha katika biashara iliyo mahututi. Inatosha kabisa kusema kwamba mradi ungefanyika baadaye sana, au kwa ukubwa mdogo, au kwa ubora wa chini, mradi uonyeshe tofauti hiyo kwa tarakimu.

Kutokana na hoja hiyohiyo inatoka kanuni inayowaumiza watu wengi wasioijua: usianze mradi kabla ya kuruhusiwa. Kusaini oda, kulipa malipo ya awali au kumwita fundi aanze kumwaga zege ni ushahidi kwamba ungeendelea bila msaada. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu misaada ya serikali kwa biashara, ombi la maandishi linatakiwa liwasilishwe kabla ya kazi kuanza, kwa aina nyingi za misaada, na wakala nyingine huenda mbali zaidi kwa kutaka usubiri barua ya kukubaliwa. Unaweza kuomba bei, kuchora ramani na kutafuta vibali. Usijifunge kisheria.

Hesabu mzunguko wa fedha kwa uangalifu

Ruzuku nyingi hulipwa nyuma: unatumia kwanza, unathibitisha, kisha unarejeshewa sehemu yako. Turudi kwenye karakana. Mashine inagharimu 100 kwa kipimo chochote cha fedha, ruzuku iliyokubaliwa ni 40, na mkopo wa benki ni 60. Kwenye karatasi hesabu imekamilika. Katika hali halisi muuzaji anataka 30 wakati wa kuagiza na 70 mashine inapofika. Mkopo wa 60 unalipa 30 za kwanza na 30 kati ya zile 70. Zinabaki 40 ambazo wakala hautazitoa mpaka mashine ifungwe, ilipwe yote, na stakabadhi zikaguliwe. Hapo ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida haihesabiwi katika ruzuku ikiwa una haki ya kuirejesha kutoka kwa mamlaka ya mapato, lakini muuzaji ataitaka siku hiyohiyo. Karakana yenye mradi uliokubaliwa inaweza kukwama wiki moja kabla ya mashine kufika.

Njia za kuziba pengo hilo zipo, na wakati wa kuzipanga ni kabla ya kusaini. Uliza kama madai yanaweza kuletwa kwa awamu, kwa mfano baada ya malipo ya kwanza na baada ya kufunga mashine. Uliza kama wakala hutoa sehemu ya fedha mapema kwa dhamana ya benki. Uliza benki yako kama itatoa mkopo wa muda mfupi kwa kuegemea barua ya ruzuku. Muulize na muuzaji kama atakubali sehemu ya malipo ibaki hadi mashine ijaribiwe, ingawa hapo uwe macho, kwa sababu wakala nyingi hazirejeshi gharama ambayo bado hujailipa. Andika jedwali la mwezi kwa mwezi linaloonyesha fedha zinazoingia na kutoka, weka malipo ya wakala miezi kadhaa baada ya tarehe unayoitarajia, kisha uone kama akaunti inabaki juu ya sifuri. Jedwali hilo liambatishwe kwenye andiko, kwani ni moja ya kurasa chache ambazo mtathmini huzisoma kwa makini.

Andika andiko la mradi

Bajeti iandaliwe kwa ankara kifani, yaani hati za bei zinazotolewa kabla ya kununua, kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, wasio na uhusiano wa udugu au wa umiliki na wewe, na wote wapewe maelezo yaleyale ya kile unachonunua. Ankara tatu za mashine tatu zenye uwezo tofauti hazilinganishiki, na zitarudishwa. Ikiwa hutachagua bei ya chini kabisa, eleza sababu kwa sentensi mbili tatu: muda wa kufikisha, upatikanaji wa vipuri, dhamana ya matengenezo.

Ajira zielezwe kwa ajira kamili, ambapo wafanyakazi wawili wa nusu siku huhesabiwa kuwa mmoja, na idadi ya sasa ithibitishwe kwa orodha ya mishahara ya tarehe iliyotajwa. Hapa kishawishi cha kuahidi mengi ni kikubwa, kwa sababu ajira huleta alama. Lakini ahadi hiyo itaingia katika mkataba, na wakala una haki ya kudai fedha zirudishwe ikiwa haitatimizwa. Mwaka 1996 kampuni ya LG ya Korea Kusini ilitangaza uwekezaji mkubwa mjini Newport, Wales, uliosaidiwa kwa fedha nyingi za umma na ulioahidi ajira zaidi ya 6,000. Kiwanda cha chipu za kielektroniki kilichojengwa hapo hakikuanza uzalishaji, na idadi hiyo ya ajira haikufikiwa. Wakala zimekuwa na wasiwasi na tarakimu za kuvutia tangu kabla ya hapo, na sasa zaidi. Ajira nne unazoweza kuzionyesha kwenye orodha ya mishahara zina thamani kuliko kumi za kwenye andiko.

Tenga aya kwa wale utakaonunua kwao. Mfuko wa maendeleo wa kusini mwa Italia, Cassa per il Mezzogiorno, uliofanya kazi kuanzia 1950 hadi 1984, ulijenga barabara na mifereji mingi iliyosaidia, lakini viwanda vikubwa vilivyovutwa huko vililaumiwa kwa kusimama peke yake, vikinunua malighafi mbali na kuuza mbali, bila kuziamsha biashara za jirani. Funzo hilo limeingia katika fomu za leo: kamati nyingi huuliza mnyororo wako wa thamani unagusa nani ndani ya kanda. Taja wauzaji wa mbao, mafundi wa matengenezo na wasafirishaji, pamoja na kiasi ulichonunua kwao mwaka uliopita.

Ikiwa uko ndani ya Umoja wa Ulaya, angalia pia ukubwa wa biashara yako na misaada uliyokwisha kupata. Biashara ndogo na za kati ni zile zenye wafanyakazi chini ya 250 na mauzo ya mwaka yasiyozidi euro milioni 50, au mizania (jumla ya mali) isiyozidi euro milioni 43. Kampuni ambazo mna umiliki wa pamoja huweza kuhesabiwa pamoja nanyi. Tangu mwaka 2024, kikomo cha jumla cha misaada midogo ambayo biashara moja inaweza kupokea bila utaratibu mrefu wa idhini ni euro 300,000 katika miaka mitatu. Aliyepokea kidogo kutoka taasisi tatu tofauti anaweza kukivuka bila kujua, kwa hiyo weka daftari la kila msaada, tarehe na kiasi.

Baada ya barua ya kukubaliwa

Isome barua yote, hasa viambatisho, kabla ya kufurahi. Tafuta tarehe ya mwisho ya kutumia fedha, orodha ya gharama zinazokubalika, masharti ya kutangaza ufadhili, na muda ambao hutaruhusiwa kuuza mashine au kuihamishia nje ya kanda. Kisha fungua fungu la pekee katika vitabu vyako vya hesabu kwa ajili ya mradi huo, ili kila senti iweze kufuatwa kutoka ankara hadi taarifa ya benki. Lipa kwa benki. Malipo ya taslimu, hata yakiwa na risiti halali, ndiyo yanayokataliwa kwa wepesi zaidi wakati wa madai.

Jalada moja la kila ununuzi liwe na ankara kifani zote, maelezo ya uchaguzi, oda, hati ya kupokelea mzigo, ankara, uthibitisho wa malipo na picha ya mashine ikiwa imefungwa, namba yake ya kiwandani ikisomeka vizuri. Mkaguzi akija, na anaweza kuja miaka kadhaa baadaye, ataomba kuiona namba hiyo kwa macho yake na kuilinganisha na karatasi. Ikiwa mashine ilibadilishwa kwa sababu ya hitilafu, hakikisha kuna barua ya muuzaji inayotaja namba ya zamani na mpya.

Mabadiliko hayaepukiki: muuzaji anafilisika, bei inapanda, mfanyakazi uliyemkusudia anaondoka. Wakala huyavumilia mambo haya zaidi ya watu wanavyodhani, alimradi wanaarifiwa mapema. Mara tu unapoona kwamba tarehe, bajeti au idadi ya ajira itatofautiana na mkataba, mwandikie afisa wako ueleze sababu, pendekeza marekebisho, na usubiri kibali cha maandishi kabla ya kulipa chochote kilicho nje ya orodha. Makubaliano ya simu hayana nguvu mbele ya mkaguzi. Ukiwa umeyapata kwa simu, tuma barua pepe siku hiyohiyo ukirudia kilichosemwa na kuomba athibitishe, kisha uchapishe jibu lake na kulitia kwenye jalada.